Chini ya Paa la Mkwe

Tangu mimi na mchumba wangu Kailemia tushuke kijijini kwetu Karurumo asubuhi ile, simu yangu ilikuwa imelia mara tano, na mara zote tano alikuwa Felicitas, ajenti wa nyumba.

"Rwamba, hiyo nyumba mnaitaka ama niwape wengine? Niko na familia ingine hapa, watoto wanne, wanafungua mpaka makabati."

"Tunaitaka, Felicitas. Fomu utaipata leo."

"Saa kumi nafunga ofisi. Saa kumi na dakika moja mimi sijui mtu."

Nikaiweka simu mezani, nikaichukua tena, nikaiangalia saa, nikaiweka. Mimi sina tabia ya kusubiri. Hata uji ukichemka nauepua kabla haujaiva, na mama hunisema kwa hilo tangu nikiwa mtoto. Siku ile ndiyo kabisa. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Nyumba yenyewe ilikuwa Roysambu, Nairobi, ghorofa ya kwanza, vyumba vitatu vya kulala. Tulikuwa tumeitafuta wikendi sita mfululizo. Tumeonyeshwa nyumba ambayo jikoni friji haiingii mpaka ung'oe mlango. Tumeonyeshwa nyingine yenye dirisha linaloangalia ukuta, na mwenye nyumba akatuambia kwa uso mkavu kwamba huo ukuta unaleta baridi nzuri. Na kila tulipopata nzuri ghorofa ya tano, Kailemia alikataa. Yeye ni fundi wa lifti, lakini ngazi ndizo anazoziamini.

"Lifti mimi ndiye nazirekebisha," aliniambia. "Najua nini inazishikilia. Mama hawezi panda hiyo kitu kila siku."

Na ndiyo, nyumba ile tuliitafuta kwa sababu ya mama. Mama yangu, Marcella Ruguru, amebaki peke yake Karurumo tangu baba afe, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Mwaka huu ameanguka mara mbili kwenye shamba la kahawa. Mara ya pili alilala chini tangu asubuhi mpaka jirani yetu Wanjira alipopita alasiri kurudisha ungo. Mimi napiga watu picha za eksirei hospitalini Nairobi. Picha ya nyonga ya mama yangu niliiona kwa macho yangu, na sitaki kuiona nyingine. Nilimwambia Kailemia wazi kwamba sitaolewa nikamwacha mama akiokotwa na majirani.

Hakufikiria hata kidogo. "Basi tutafute nyumba ya watu watatu," alisema, akaendelea kula chapati yake. Siku ile nilimpenda mpaka nikaogopa.

Sasa tulikuwa sebuleni kwa mama, na wiki tatu tu zilikuwa zimebaki watu wa Laare, kwao Kailemia, walete ruracio, yaani mahari. Kailemia alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Ana mikono mikubwa yenye alama nyeusi za grisi ambazo hazitoki hata kwa sabuni ya unga. Nilikuwa naiangalia hiyo mikono badala ya kumwangalia usoni, maana nikimwangalia usoni mbele ya mama najisaliti.

Mama alikaa akiwa amempa Kailemia upande. Kabla ya Desemba alikuwa akimtania Kailemia na kumlisha nduma mpaka anashindwa kusimama. Lakini Desemba watu wao walikuja kubisha hodi kuniposa, na tangu siku hiyo akawa mtu ambaye mama hamwangalii usoni wala hamsemeshi. Ni heshima, kwetu tunaiita nthoni, ile aibu nzuri iliyopo kati ya mama na mwanamume anayemwoa binti yake. Kwa hiyo alikuwa akimsemesha kupitia kwangu, na alichagua Kiswahili makusudi, ili yule asiyesemeshwa asikie vizuri.

"Rwamba, mwambie huyo aongeze sukari kama hajatosheka."

"Nimetosheka, Mama," Kailemia akasema.

"Mwambie basi anywe."

Nikampa mama ile fomu ya nyumba, aisome atie sahihi. Kailemia alikuwa ameijaza mwenyewe usiku wa kuamkia jana, kwa herufi kubwa, bila kufuta hata mara moja. Mama akavaa miwani. Akasoma kimyakimya, kidole kikitembea chini ya maneno.

"Ni nani ameandika hii?"

"Ni Kailemia."

"Mwambie ako na mwandiko mzuri."

Kailemia akatabasamu kama mtoto aliyepasi mtihani. Nami nikatabasamu, mjinga wa watu, nikiona kazi imekwisha.

"Sasa mwambie asome hapa chini, kwa majina ya watu watakaa kwa nyumba. Asome namba tatu."

Nikampelekea karatasi. Akasafisha koo. "Marcella Ruguru. Uhusiano na mpangaji: mama mkwe."

"Mwambie arudie hiyo ya mwisho."

"Mama mkwe," Kailemia akarudia, na safari hii sauti ilipungua.

Mama akavua miwani. "Umesikia? Ameandika na mkono wake na amesoma na mdomo wake. Sasa wewe Rwamba niambie, ni wapi umeona mama mkwe akilala chini ya paa la mkwe?"

Kailemia alikuwa ameliandika neno lile kwa fahari. Alitaka mama ajue kwamba hata kwenye karatasi za Nairobi anamhesabu. Kumbe ndilo neno hasa lililomfungia mama mlango.

"Mama, hiyo ni Nairobi," nikasema. "Huko watu wanaishi tu."

"Kwani nthoni inashukia Thika, haifiki Nairobi?"

"Sijasema hivyo."

"Hiyo nyumba iko na korido ngapi?"

"Moja."

"Na bafu?"

"Mbili. Lakini moja iko ndani ya masta, ile bedroom kubwa."

"Na hiyo masta ni ya nani?"

Kailemia akaangalia viatu vyake.

"Nimeelewa," mama akasema. "Kwa hivyo mimi nitoke kuoga nimejifunga leso, nipatane na mkwe wangu kwa korido ameshika mswaki. Nimwambie nini? Habari ya asubuhi?" Akashika mkongojo wake, akainuka polepole, akakataa mkono wangu. "Mwambie nimeshukuru. Amefikiria mimi, na si kila mtu anafikiria mzee. Lakini siendi."

Akaenda jikoni, na mkongojo wake tukausikia mpaka mlango wa nyuma.

Mimi na Kailemia tukatoka nje. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka. Tulisimama kando ya meza ya kuanikia kahawa, yeye upande huu na mimi upande ule.

"Si ni rahisi," hatimaye akasema. "Tusongeshe ruracio mbele. Mwaka mmoja. Kama sijalipa kitu, mimi si mkwe. Mama anaweza kuja."

Nilimwangalia. Nilitaka kuamini kwamba sikusikia vizuri.

"Kwa hivyo mimi nikae na wewe hivi hivi, bila kuolewa, ndio uwe mtu baki wa kupatana na mama kwa korido?"

"Sijasema hivyo, Rwamba."

"Umesema hivyo hivyo! Na mama akubali? Mama Marcella wa kanisa, akae kwa nyumba ambayo binti yake anakaa na mwanamume bure?"

"Basi tumtafutie mtu wa kukaa na yeye hapa."

"Tumetafuta watatu. Wa mwisho aliondoka na redio. Ama umesahau?"

"Sasa unataka nifanye nini? Nimetafuta nyumba wiki sita. Nimekataa nyumba nzuri ju ya miguu ya mama yako. Nimeandika jina lake. Kosa langu ni gani?"

Hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Mtu akiwa na kosa unajua pa kumshika. Nikasema neno ambalo mpaka leo naliona aibu.

"Basi rudi Laare utafute msichana hana mama."

Uso wake ulibadilika. Watu husema Wameru wana hasira za karibu, lakini Kailemia akiumia hupungua sauti mpaka unalazimika kusogea umsikie.

"Hilo neno hukulifikiria," akasema.

"Sikulifikiria," nikakubali. Lakini sikusema samahani. Macho yangu yalikuwa yameshuka kwenye ile fomu mkononi mwake, pale juu kabisa palipoandikwa jina lake peke yake. "Kailemia, kwani hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ni yetu."

"Basi mbona wewe ndiye mpangaji?"

"Si mtu mmoja lazima awe?"

"Awe mimi. Mimi nikiwa mpangaji, hiyo ni nyumba ya mtoto wake. Mama analala kwa mtoto wake, hajalala kwa mkwe."

Niliona neno hilo limemwingia. Niliona pia lilipogonga mahali likasimama.

"Na mimi nitakuwa nini humo ndani?"

"Utakuwa Kailemia."

"Rwamba, unajua kwetu mwanamume akiingia kukaa kwa nyumba ya mwanamke wanasema nini? Wanasema ni yeye ameolewa. Mzee wangu ameshaambia soko yote ya Laare vile kijana yake amechukua nyumba kubwa Nairobi. Hata kwa kanisa ametangaza. Nitamwambia nini?"

"Kwa hivyo mama yangu aanguke tena ndio sifa za baba yako zikae sawa?"

Aliikunja fomu mara mbili, akaiweka mfukoni, akageuka, akatembea kuelekea lango. Nilingoja ageuke nyuma. Hakugeuka. Nikasikia bodaboda ikisimama barabarani, kisha ikiondoka.

Sikumkimbilia. Miguu ilitaka, kiburi kikakataa. Nilizunguka ile meza ya kahawa mara sijui ngapi, nikampigia, simu yake ikawa inatumika, nikapiga tena, inatumika. Nikawaza ameshafika barabara kuu. Nikawaza atarudi Nairobi, na mimi Jumatatu nitapanda lifti ya hospitali ile ile ambayo ilinikwamia miaka miwili iliyopita, naye akaufungua mlango kwa nguvu, na kitu cha kwanza akaniuliza, "Umeogopa?" Nilikuwa nimesema hapana. Nilikuwa nimedanganya.

Felicitas akapiga. Saa nane na dakika arobaini. "Rwamba, hawa watu wa watoto wanne wamerudi na fundi wa pazia."

"Nipe mpaka saa kumi. Ulisema saa kumi."

"Nilisema. Lakini mimi pia ni binadamu."

Nikaingia jikoni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya ndizi za kupika, maganda yakianguka kwenye beseni.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Umemfukuza?"

"Nimemwambia maneno mabaya, Mama."

Akaendelea kumenya. Kisha akaweka kisu chini. "Kaa hapa. Unafikiri mimi simpendi huyo kijana?"

"Hata humwangalii."

"Ndio maana simwangalii. Mtu kama humjali, utamwonea aibu ya nini? Yule muuza maziwa namwangalia macho kwa macho na hata jina lake sijui." Akalisukuma beseni la maganda kando. "Usinifanye mimi niwe ndio nilikuharibia. Enda na yeye. Mimi niko na Wanjira."

"Wanjira alikupata saa tisa, Mama. Ulianguka saa tatu."

"Nilikuwa na kivuli, jua halikunipata."

Nililia hapo. Kwa hicho kivuli, na kwa jinsi alivyokitaja kama mtu anayetaja bahati yake. Nikamwambia, "Siendi popote bila wewe. Kama ni kukosa, nitakosa." Nilimaanisha. Nilijua ninachokikosa, maana nilikiona kwa uwazi kikiwa kimekaa karibu na mlango na magoti pamoja, na mwili wangu wote ulikuwa unauma kwa kukitaka, lakini nilimaanisha.

Manyunyu yalikuwa yameanza niliposikia bodaboda tena. Nikatoka mbio, kiburi nikakiacha jikoni.

Kailemia aliingia langoni shati limemlowa mabegani. Mkono mmoja aliubana kifuani, ndani ya shati, kama mtu aliyebeba kifaranga. Alipofika chini ya paa la veranda akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake karatasi kavu.

"Nimeenda saiba ya sokoni kuprinti," akasema. "Felicitas amenitumia fomu ingine. Ile ya kwanza huwezi futa, ingeonekana kama ya wezi."

"Nilidhani umerudi Nairobi."

"Niliwaza kurudi." Hakuficha. "Nikafika stegi ya matatu. Nikampigia Mzee kwanza, nikamwambia nyumba itakuwa kwa jina lako. Akakata simu kabla sijamaliza."

Kabla sijasema kitu simu yake ikalia. Alikuwa baba yake, Mzee Gitobu. Kailemia hakujitenga pembeni; alisimama pale pale, na Mzee ana sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, kwa hiyo spika haikuhitajika. Alisema Kimeru, lakini Kimeru na Kiembu ni majirani, na kila neno lilinifikia.

"Ruracio nitaleta," alisema. "Mimi nilisema, na sirudi nyuma. Lakini kwa nyumba ya mwanamke sitakanyaga."

"Sawa, Baba."

"Hata nikiwa mgonjwa niletwe hospitali ya Nairobi, nitalala kwa hoteli."

"Sawa, Baba."

"Umesema sawa?"

Kailemia akafumba macho. "Nimesema sawa."

Simu ikakatwa. Nilimshika mkono, ule mkono wa grisi, hapo verandani, mchana kweupe, na kama Wanjira alikuwa akichungulia kwenye ua, basi aliona.

"Samahani," nikamwambia. "Kwa lile neno."

"Niliogopa ulilimaanisha."

"Hata kidogo."

Tukaingia. Mama alikuwa amesharudi kwenye kiti chake, amempa upande vile vile, miwani tayari puani. Nikampa fomu. Kidole kikaanza kutembea. Nilisimama nyuma ya bega lake nikasoma pamoja naye. Namba moja, Rwamba Muchangi, mpangaji. Namba mbili, Marcella Ruguru, mama. Namba tatu, Kailemia Gitobu. Na pale pa uhusiano, kwa mwandiko ule ule mzuri, alikuwa ameandika: mgeni.

Mama alibaki pale kwenye namba tatu muda ambao nilidhani hautaisha. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa, akasoma tena.

"Rwamba. Huyu mgeni atalala wapi?"

Nikafungua mdomo, lakini Kailemia akanitangulia. Hakumjibu mama. Alinigeukia mimi, macho yake yakiwa chini, akasema polepole:

"Rwamba, mwambie mama masta ni yake. Bafu iko ndani, hakuna mtu atampata njiani. Mimi na wewe tutachukua kile chumba cha nyuma, tukishafunga ndoa. Na mwambie mimi kabla nitoke kwa korido nitakuwa nakohoa."

Nje manyunyu yalikuwa yamekuwa mvua.

"Mwambie akohoe kwa nguvu," mama akasema. "Hii masikio yangu si kama ya zamani."

Sikujua kama nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Nilitia sahihi juu ya mbao ya kukatia mboga, maana meza ilikuwa imejaa vikombe. Mama akatia yake, polepole, herufi moja moja. Kailemia akatia ya mwisho, akapiga picha, akaituma. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane.

Tulikaa tukiangalia simu, sote watatu. Ilipolia niliishika kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Imefika," Felicitas akasema. "Na hawa wa watoto wanne nimewaambia pole. Lakini subiri kwanza. Hapa namba tatu mmeandika mgeni. Niko na landlord hapa, anasema nyumba yake ni ya familia, hataki mambo ya wageni wa kuja na kukaa. Anauliza huyu mgeni ni wa siku ngapi?"

Sauti yake ilijaa sebule yote. Mama akageuza uso ukutani. Kailemia aliniangalia tu, maji bado yakimtoka kwenye nywele, mtu ambaye siku ile alikuwa amepoteza nusu ya baba yake na hakuniomba chochote. Nyumba ilikuwa yangu. Jibu lilikuwa langu.

"Mwambie hana siku za kuhesabu," nikasema. "Huyu haendi popote."